Ripoti ya mama yasema gredi ya 3: je, saratani imefika hatua ya tatu?

*Swali*

Assalaam alaikum waandishi wa safu ya afya,

Mamangu ana miaka 54, tunakaa Kisauni, na ana ugonjwa wa sukari anaoudhibiti kwa vidonge vya metformin. Alipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto, tukampeleka hospitali. Altrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita 2.8 na mtoki kwapani. Baada ya hapo akachomwa sindano nene, vikatolewa vinyama vyembamba vikapelekwa maabara. Sasa ripoti imetoka, lakini daktari wake hayupo mpaka wiki ijayo, kwa hivyo tulikabidhiwa bahasha na karani tukarudi nayo nyumbani.

Bahasha hiyo ndiyo imetutia mashakani. Imeandikwa kuwa ni saratani ya mifereji ya maziwa iliyokwisha kupenya, gredi ya 3 kwa mfumo wa Nottingham, na chini yake kuna hesabu: 3 + 3 + 2 = 8 kati ya 9. Vipimo vya homoni na HER2 (protini inayochochea seli za saratani kukua) vitafuata. Ami, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu baba afariki, alipoiona ile 3 akasema basi, ni hatua ya tatu, imebaki moja tu. Anasema tusimtese mama kwa kemo wala tusiuze kiwanja. Tumpe habasoda, tumwombee dua. Shangazi naye anashikilia kuwa ile sindano ndiyo iliyouamsha ugonjwa. Kakangu aliye Muscat anataka mama apelekwe India mara moja. Na kuna jirani yetu aliyekuwa na gredi ya 1 akafariki kabla ya mwaka kwisha, kwa hivyo wanauliza: kama 1 imeua, 3 itakuwaje?

Mama mwenyewe hajaambiwa kitu. Anatuona tu tukinong'ona.

Naomba mnieleze: gredi na hatua ni kitu kimoja? Na tufanye nini kwanza?

Binti wa Kisauni, Mombasa

*Jibu*

Wa alaikum salaam dadangu,

Si kitu kimoja. Karatasi mliyo nayo imetaja gredi peke yake. Hatua, au steji kama wengi wasemavyo, bado haijapimwa, na hakuna awezaye kuisoma humo, hata angekuwa daktari bingwa. Gredi inaeleza tabia ya seli za saratani: zimepotoka kiasi gani zikilinganishwa na seli za kawaida za titi, na zinagawanyika kwa kasi gani. Huamuliwa na mpatholojia, maabarani, kwa kutazama kinyama kwenye hadubini. Hatua inaeleza ugonjwa umefika wapi mwilini, na huamuliwa na daktari baada ya kumpapasa mgonjwa, kutazama picha na kuunganisha majibu yote.

Mambo haya mawili yaweza kupishana kabisa. Iko saratani changa ya titi ambayo bado imo ndani ya mfereji wa maziwa, haijapenya popote, na seli zake ni za gredi ya juu. Hatua yake ni 0. Iko pia ya gredi ya 1, ya kwenda polepole, iliyokaa miaka bila kutazamwa hadi ikaingia mifupani au kwenye ini. Hiyo ni hatua ya nne. Ripoti ya jirani yenu hatujaiona, ila gredi yake ya 1 haikusema lolote kuhusu ugonjwa ulikuwa umeenea hadi wapi. Mama asihukumiwe kwa ripoti ya mtu mwingine.

Tuisome hesabu ya mama, kwa sababu 3 + 3 + 2 ina maana yake. Kinyama hulowekwa kwenye fomalini (maji ya dawa ya kuhifadhi nyama isioze), huzungushiwa nta, hukatwa kwa unene wa maikroni 3 hadi 5, kisha hutiwa rangi ili viini vya seli vionekane. Mpatholojia hutazama mambo matatu na kila jambo hulipatia alama 1 hadi 3. Kwanza, je, seli bado zinajipanga kuwa vijifereji kama zinavyofanya kwenye titi lenye afya? Zaidi ya asilimia 75 ya uvimbe ikiwa na vijifereji, alama ni 1. Kati ya asilimia 10 na 75, ni 2. Chini ya asilimia 10, ni 3. Pili, viini vya seli: vikiwa vidogo na vyenye kufanana, 1, vikiwa vikubwa na kila kimoja na umbo lake, 3. Tatu, anahesabu seli anazozikuta zikigawanyika katika maeneo 10 ya hadubini, akichagua mahali zinapogawanyika kwa wingi. Jumla ya 3 hadi 5 ni gredi ya 1, 6 au 7 ni gredi ya 2, 8 au 9 ni gredi ya 3.

Kwa kawaida alama huandikwa kwa mpangilio huohuo. Kama ndivyo ilivyo kwenye ripoti yenu, mama amepata 3 kwa vijifereji, 3 kwa viini na 2 kwa mgawanyiko. Sura ya seli imeharibika sana, lakini kasi ya kugawanyika ni ya kati. Na 8 ndiyo jumla ya chini kabisa ndani ya gredi ya 3. Mpatholojia mwingine akitazama slaidi hizo hizo, yaani vioo vyenye kinyama, aweza kutoa 7, na gredi ikawa ya 2. Mpakani hilo hutokea, kwa kuwa ni jicho la binadamu linalopima. Msirudie bayopsi, yaani kuchomwa sindano ya kutoa kinyama, kwa ajili ya alama moja. Majibu ya homoni na HER2 mnayoyangojea yana uzito mkubwa zaidi katika kuchagua dawa.

Gredi ya 3 ina uzito wake, hatutaki kukuficha. Saratani ya namna hii huelekea kukua na kusambaa haraka kuliko ya gredi ya 1, kwa hivyo kila wiki inayopotea ina gharama. Lakini seli zinazogawanyika kwa haraka ndizo pia ambazo kemo huzipata vizuri zaidi, kwa kuwa dawa nyingi za kemo huishambulia seli wakati inapogawanyika. Ami ameiona ile 3 akaamua kusimamisha matibabu; kwa daktari wa saratani 3 hiyo hiyo ni sababu ya kuyaharakisha. Hapa ndipo kosa lenu la nyumbani linapoweza kumdhuru mama kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa hatua. Saratani ya titi hupangwa kwa herufi tatu, T, N na M. T ni uvimbe wenyewe: hadi sentimita 2 ni T1, zaidi ya 2 hadi 5 ni T2, zaidi ya 5 ni T3, na ukishika ukuta wa kifua au ngozi, yaani ngozi imetoboka au imevimba ikawa kama ganda la chungwa, ni T4 hata uvimbe uwe mdogo. N ni tezi za limfu. Kabla ya upasuaji, tezi za kwapa zinazosogea zikipapaswa huandikwa N1, na zilizogandana au kushikana na mwili ni N2. Baada ya upasuaji tezi huhesabiwa: zenye saratani zikiwa 1 hadi 3 ni N1, 4 hadi 9 ni N2, 10 au zaidi ni N3. M ni viungo vya mbali kama mapafu, ini, mifupa na ubongo: M0 hakuna, M1 upo. M1 ndiyo hatua ya nne, hata uvimbe wa titi uwe mdogo namna gani.

Weka vipimo vya mama humo. Sentimita 2.8 ni T2. Mtoki haujathibitishwa, tezi huvimba hata kwa jipu au kidonda cha mkono. Ikionekana tezi haina saratani na viungo vya mbali ni safi, T2 N0 M0 ni hatua ya IIA. Tezi ikiwa na saratani lakini inasogea, na mbali ni safi, T2 N1 M0 ni IIB. Yote mawili ni hatua ya pili kwa ukubwa na ueneaji. Ili iwe ya tatu kwa njia hiyo kabla ya upasuaji, tezi ziwe zimegandana, au ngozi au ukuta wa kifua viwe vimeguswa, au tezi zenye ugonjwa zionekane mahali pengine kama juu ya mtulinga. Hatukuahidi kwamba ni ya pili, kwa sababu M hakuna aliyeitazama. Tunachokuambia ni kwamba kwa hayo mliyo nayo mkononi, hakuna hata moja linalosema ni ya tatu.

Tahadhari na tarakimu ya 3, maana kwenye faili la saratani ya titi imejaa. Kuna gredi ya 3. Kuna alama 3 ndani ya hesabu ya gredi. Kuna T3, ambayo ikiwa bila tezi wala M ni hatua ya IIB. Kuna HER2 ya 3+, ambayo maana yake ni kwamba kipimo hicho ni chanya, si kwamba ugonjwa umezidi. Kwa kawaida hatua huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, I hadi IV, zikifuatwa na herufi A, B au C, ilhali gredi huandikwa 1, 2, 3 au G1, G2, G3. Wapo wanaochanganya, kwa hivyo mwulize daktari akutajie yote mawili, gredi ngapi na hatua ngapi, na ayaandike kwenye kitabu cha kliniki.

Jambo moja zaidi linalowachanganya hata wanaosoma sana. Toleo la nane la mwongozo wa kupanga hatua unaotolewa na kamati ya Marekani, lililoanza kutumika 2018, linaingiza gredi, homoni na HER2 ndani ya hatua ya saratani ya titi. Mfano, uvimbe wa T1 N0 M0 ni IA kwa ukubwa na ueneaji, lakini ukiwa gredi ya 3 na vipimo vyote vitatu (homoni za estrojeni na projesteroni, na HER2) ni hasi, huandikwa IB. Kwa hivyo daktari mmoja akisema hatua fulani na mwingine akataja tofauti, huenda wote wako sawa; waulize wametumia njia ipi.

Kwa wasomaji wengine: haya ni ya titi. Saratani ya tezi dume hupimwa kwa alama za Gleason, na katika bayopsi 6 ndiyo ya chini, kwa hivyo mzee akiambiwa 6 asidhani yuko juu ya nusu. Uvimbe wa ubongo una gredi 1 hadi 4 na haupangwi hatua za TNM. Saratani ya damu haipangwi kwa TNM pia. Kwenye mlango wa kizazi hatua ndiyo yenye uzito, gredi kidogo tu.

Mfanye nini kwanza, dadangu? Mama aambiwe. Mwili ni wake, na kila kipimo kinachofuata kitahitaji ridhaa yake. Akijulia kwenye mlango wa chumba cha skani atavunjika mara mbili. Mwambieni kwa utulivu kwamba kinyama kimeonyesha saratani ya titi, kwamba bado inapimwa imefika wapi, na kwamba daktari atakaa naye. Msimtajie 3 bila maelezo.

Pili, msimsubiri daktari yule mmoja. Nendeni na ripoti kwenye kliniki ya saratani ya Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, au hospitali nyingine yenye daktari wa saratani, muulize siku ya kliniki na mwombe kuandikishwa. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi uliozinduliwa 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa aonwe mara ya kwanza, na matibabu yaanze ndani ya miezi 3. Hesabuni kutoka siku mliyompeleka mama mara ya kwanza, si kutoka siku ya bahasha.

Vipimo vya hatua huenda hivi: mamografia ya matiti yote mawili, altrasaundi ya kwapa, na ule mtoki uchomwe sindano ili ijulikane kama una saratani, kisha, kwa kuwa uvimbe ni wa gredi ya 3 na tezi ina shaka, daktari huenda akaagiza CT (skani ya eksirei kwa kompyuta) ya kifua na tumbo. Skani ya mifupa huombwa zaidi mgonjwa akiwa na maumivu ya mifupa au damu ikionyesha alkalini fosfatesi (kimeng'enya cha mifupa na ini) imepanda. PET, skani nyingine ya mwili mzima, si lazima kwa kila mtu, msikope pesa kwa ajili yake kabla daktari hajasema kwa nini anaitaka. Kabla ya siku ya skani piteni dawati la SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, muulize kifurushi cha saratani kinalipa zipi, na idhini iwe imetoka kabla, si asubuhi ile.

Kwa kuwa mama ana sukari: CT hutumia dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani, na hiyo hutolewa na figo. Apimwe kreatinini kabla, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na mwambieni mtu wa skani kuwa anameza metformin. Figo zikiwa dhaifu sana, vidonge husimamishwa siku ya skani na kwa saa 48 baada yake, hadi kreatinini irudiwe. Akiambiwa afunge chakula, ombeni apangiwe asubuhi mapema, na mbebe kitu kitamu akishukiwa na sukari.

Vile vipimo vya homoni na HER2 fuatilieni maabarani wenyewe, kwa namba ya sampuli iliyo juu ya ripoti. Seli zenye kipokezi cha homoni ya estrojeni kuanzia asilimia 1 huhesabiwa chanya, ingawa zikiwa chache, chini ya asilimia 10, daktari hupima tena faida ya vidonge vya kuzuia homoni. HER2 ya 0 au 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, na 2+ haijaamua, huhitaji kipimo kingine cha jeni kwenye kinyama hicho hicho. Majibu haya huharibika kinyama kikitunzwa vibaya: kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja baada ya kutolewa, fomalini iwe karibu mara 10 ya ujazo wake, na kikae humo saa 6 hadi 72. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi au kukawia kaunta, homoni zaweza kusomeka hasi ilhali zipo, na mama akakosa vidonge vinavyomfaa. Yote yakitoka hasi, ulizeni kama yatarudiwa kwenye nyama ya upasuaji. Na siku ya upasuaji, mkikabidhiwa chupa mpeleke maabara wenyewe, hakikisheni ina fomalini, jina na saa ya kutolewa.

Jitayarisheni pia kwamba namba zaweza kubadilika njiani. Hatua ya kabla ya upasuaji hutangulizwa herufi c, ya baada ya upasuaji p, na kama kemo imetangulia upasuaji, yp. Ikiandikwa cT2 leo na pT1 baadaye, au kinyume chake, ugonjwa haukuruka. Kipimo kimekuwa sahihi zaidi. Gredi inayotegemewa hubaki ile ya kabla ya kemo, kwa sababu dawa hubadilisha sura ya seli.

Kwa Shangazi, jibu limo ndani ya barua yako. Altrasaundi iliuona uvimbe na mtoki kabla ya sindano kuingia. Sindano imechukua kilichokuwepo, na bila yake hakuna ambaye angejua dawa gani ya kumpa mama. Habasoda mwambieni daktari kama mama anaitumia, jina na kiasi, kwani dawa za miti zaweza kugusa ini au kuganda kwa damu wakati wa kemo na upasuaji. Isichukue nafasi ya miadi ya kliniki hata moja. Dua endeleeni nayo, haizuii skani.

Ami tunamheshimu na tunajua anamwonea mama huruma. Mwombeni aende naye kliniki yeye mwenyewe, akae mbele ya daktari na aulize: hatua ni ngapi baada ya vipimo, matibabu ni ya kuponya au ya kupunguza makali, yataanza na kemo au upasuaji, na yatachukua muda gani. Suala la kiwanja lisubiri majibu hayo. Kwa hatua ya pili, na hata nyingi za hatua ya tatu, madaktari hutibu kwa nia ya kuponya.

Na kakako wa Muscat: India au Nairobi, hospitali yoyote itataka vipimo hivi hivi, kwa hivyo safari isiwe sababu ya kuviahirisha. Mkiamua kusafiri, ombeni maabara iwape kwa maandishi slaidi zote, ile ya HER2 ikiwemo, pamoja na bloku ya nta yenye kinyama, ripoti iliyotiwa sahihi na skani kwenye CD. Bila bloku watamchoma mama sindano upya. Isiachwe ndani ya gari juani, nta huyeyuka. Ifungeni kwa kitambaa, iwekeni kwenye mkoba wa mkononi, na ikishatumika irudishwe maabara iliyoitoa, kwa kuwa miaka ijayo daktari aweza kuihitaji tena.